Kuanzia Kinena Kwenda Chini

Jumapili, 8 Oktoba

Profesa Leong amenirudishia sura ya tatu ya tasnifu yangu. Nyekundu tupu! Karatasi inaonekana kama imechinjiwa kuku juu yake.

Na kosa langu ni nini? Nimeandika kwamba altrasaundi inatosha. Basi. Mwaka mzima sasa kila mgonjwa anayekuja kwenye idara yetu ya picha na mguu uliovimba tunampima mara mbili: mimi kwa altrasaundi, Profesa kwa MRI, kila mmoja akiwa hajui jibu la mwenzake. Kisha tunalinganisha. Kwenye paja tunakubaliana karibu kila mara. Nyuma ya goti vilevile. Kwenye kigimbi tunapishana kidogo, mishipa ya huko ni myembamba. Sasa hospitali ya wilaya iliyoko mtoni huko, ambayo haina MRI na wala haitakuwa nayo hadi nizeeke, iambiwe nini? Ikae isubiri? Altrasaundi inabebeka. Haina sindano. Unapaka jeli, unabonyeza mshipa: mshipa mzima unafumba kama jicho, wenye bonge la damu unakukodolea. Unataka nini zaidi?

Profesa kasema, "Zawi, hiyo ni tochi. Inamulika pale ulipoielekeza tu."

Halafu akaanza hadithi za enzi zake, walipokuwa wakichoma sindano ya dawa ya rangi mguuni na kupiga eksirei, na wagonjwa wakiwatukana kwa Kimalei, Kichina, Kitamil na Kisiam. "Lakini tuliuona mshipa wote, mpaka juu!" Niliitikia kwa kichwa kwa adabu. Moyoni nilisema, mzee, hizo zama zimekwisha.

Leo tena kafanya ile tabia yake. Picha ikiwa safi, anatoka mwenyewe kwenda kwa ndugu wa mgonjwa, anawapa mikono, anacheka nao kama anaozesha binti. Picha ikiwa mbaya hatoki. Anachungulia mlangoni, anamwita daktari wa mgonjwa aingie kwanza, tena kwa cheo na jina kamili. Wauguzi wote wanaijua. Mtu akisikia "Daktari fulani, ingia," mmoja wao huenda kutafuta maji na kiti.

Jumatano, 11 Oktoba

Mama kapiga simu wakati nina mgonjwa kitandani. Kapiga tena. Mguu wa Mastura umevimba. Wa kushoto.

Mdogo wangu yuko wiki ya tatu tangu ajifungue, yuko kijijini Bachok kwa Mama ndani ya arobaini. Amelala, amefungwa mkaja kuanzia kifuani hadi nyongani, jiwe la moto tumboni asubuhi na jioni, samaki mkavu na pilipili manga, tango haramu, maji ya baridi haramu, kushuka ngazi haramu. Mumewe Hanafi yuko baharini kwenye mtambo wa mafuta, harudi mpaka mwisho wa mwezi.

"Ni upepo," Mama kasema. "Alisimama dirishani bila soksi. Nilimwambia!"

Nikamwambia amlete hospitali. Ungedhani nimemwambia amtupe mtoni. Nimtoe mzazi nje? Kwenye mvua hii? Wewe umesoma mpaka umesahau ulikozaliwa?

Mastura akanyang'anya simu. "Dada, mguu mmoja bado wa kwangu. Mwingine umekuwa wa Mama." Akacheka mwenyewe. Mama nyuma akasikika akiuliza mguu wake una nini.

Mimi sikucheka. Mzazi. Kalala siku nenda rudi. Mguu mmoja tu, tena wa kushoto. Ningekuwa nawatungia wanafunzi mtihani, ningewaandikia hivyohivyo.

Ijumaa, 13 Oktoba

Siku ya mapumziko. Nimeazima ile mashine ndogo ya idara, Profesa mwenyewe kaniruhusu. "Anza juu kadiri unavyoweza," kaniambia. Ndiyo, Profesa. Nikaifunga mkanda kwenye kiti cha gari kama mtoto, nikaendesha mpaka Bachok.

Mguu umevimba kweli. Paja linang'aa. Ukibonyeza kidole kinaacha shimo.

Mama alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumfunga mkaja. Kampaka dawa ya chokaa na ndimu tumboni, kitambaa kile kirefu cha bibi yetu kimezungushwa weee, vifundo vyote vimekaa mstari mmoja mbele. Nikasema, Mama, kilegeze kidogo nione huku juu.

"Hakifunguliwi katikati! Upepo uingie uende wapi, kichwani? Mgonjwa ni mguu. Mashine yako ni ya mguu. Tumbo unalitakia nini?"

"Mwache, Dada," Mastura kasema. "Akikifunga upya itabidi nisimame tena nusu saa nikizungushwa kama mwanasesere. Pima mguu, bwana."

Nikacheka. Nikaanzia kinenani kwenda chini, kama tunavyofanya siku zote. Nikabonyeza kila mahali. Kinenani, unafumba. Paja lote, unafumba. Nyuma ya goti, unafumba! Nimerudia mara tatu. Kigimbi pia, kadiri kinavyoonekana. Mawimbi ya mwendo wa damu kwenye skrini, kinenani kwa kushoto, yalikuwa yamelala kidogo, lakini Mastura alikuwa ananyonyesha, mtoto anamng'ata, anabana pumzi na kusema ashhh. Nikahifadhi picha nikafunga.

Safi. Mguu safi! Alhamdulillahi. Nilikaa sakafuni nikajisikia mwepesi. Nikamwambia Mama: hakuna bonge. Alikunja mikono kifuani.

"Nilisema nini mimi? Upepo. Basi nampigia Mek Nab aje amkande."

Mek Nab ndiye aliyemkanda Mama alipotuzaa sisi. Kawakanda wazazi wa kijiji kizima. Mastura kanitazama mimi. "Dada, anikande?"

Nikasema haya. Bonge hakuna, kukanda kuna ubaya gani.

Nimekula wali kwa budu, ule mchuzi wetu wa samaki waliochachushwa, na mboga za majani mpaka kope zikawa nzito. Nyumba ya mama ni nyumba ya mama.

Jumamosi, 14 Oktoba

Mek Nab kaja asubuhi. Naandika utani wake hapa maana ulinifurahisha: "Mguu huu nimeukanda tangu uko kama kidole cha ndizi. Sasa umekuwa mkungu mzima!" Kamkanda kutoka kwenye nyayo kupanda juu, mafuta ya nazi na tangawizi. Mastura kapiga kelele, kisha kasema anajisikia ahueni. Mek Nab atarudi tena kesho.

Nimerudi mjini na mashine. Nimelala kama gogo.

Jumapili, 15 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Mwandiko huu nitausoma mwenyewe kwa shida.

Asubuhi tulikaa na Profesa kulinganisha wagonjwa wa wiki iliyopita. Yeye na picha zake, mimi na zangu. Mmoja, tunakubaliana. Wa pili, tunakubaliana. Nilikuwa na furaha ya kijinga, naitikia hata kabla hajamaliza kusema. Akafika kwa mama mmoja kijana aliyetoka Tumpat.

"Umesema nini wewe?"

Safi, nikasema. Kinena, paja, goti, vyote vinafumba.

Akaigeuza skrini yake upande wangu. Mguu, ndiyo, safi. Lakini MRI haikuishia kinenani. Juu, ndani ya nyonga, pale mshipa unapopita chini ya ateri kuelekea tumboni: upande wa kulia mweupe, umejaa. Upande wa kushoto mweusi. Bonge limekaa humo refu kama mkuki. Mguu chini yake umevimba kwa sababu damu haina pa kupandia.

"Mbona hukupima juu?"

Nikaanza kusema kwamba utaratibu wetu unaanzia kinenani. Kwamba nyongani matumbo yana hewa na altrasaundi haipenyi vizuri. Vyote kweli. Halafu nikamkumbuka yule mama. Nilimkumbuka kabisa, na mkwewe aliyesimama kando ya kitanda. Alikuwa ndani ya arobaini. Amefungwa mkaja. Mkwewe alikuwa amekataza tusiufungue, na muuguzi wetu akasema haidhuru, ni mguu tu.

Nikaifunga kalamu yangu. Profesa akafikiri nimeudhika. "Sikusimangi," kasema. "Mashine yako haikudanganya. Iliulizwa mguu, ikajibu mguu. Na hata hivyo ilikuwa inakuita. Tazama mawimbi yako ya kinenani." Akayaweka: upande wa kulia damu inapanda na kushuka na pumzi, inapanda, inashuka. Upande wa kushoto mstari umelala, kama bahari isiyo na upepo. "Kitu kimeziba juu. Pumzi haifiki huku chini."

Yamelala. Nililiandika neno hilo mwenyewe! Liko hapo juu, Ijumaa, kwa kalamu hiihii.

Nilikwenda kuiwasha ile mashine ndogo. Picha za Mastura bado zimo. Kulia mawimbi. Kushoto mstari. Na si ile mara moja mtoto alipomng'ata, maana nilipima mara tatu. Yamelala mara zote tatu. Nilikuwa nabonyeza tu, natafuta jicho linalokodoa, sikusikiliza kitu kingine. Na juu kabisa ya picha ya kwanza, ukingoni, kivuli kinene cheusi pale kipimio kilipogusa kitambaa. Mkaja wa bibi.

Bonge likikandwa linaweza kumeguka, kipande kikapanda mpaka mapafuni. Nikapiga simu nyumbani. Simu inaita. Inaita. Mama kapokea huku anacheka na mtu.

"Mwambie Mek Nab aache!"

"Ndiyo kwanza anapaka mafuta. Kuna nini?"

"Mama, aache! Asimguse! Mastura asiinuke, asikandwe, asisuguliwe, hata kidole!"

"Juzi si wewe uliyesema safi?"

Ni mimi. Ni mimi niliyesema safi.

Profesa alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini. Nikamwonyesha picha. Akauliza ni nani huyu. Nikasema mdogo wangu. Akaiangalia kwa muda, kisha kasema taratibu: kamlete sasa hivi, sindano ya kuzuia damu isigande zaidi tunampa akifika tu, picha itafuata, tusiingoje picha. Laiti angenigombeza.

Nimeendesha gari sijui vipi. Mvua inapiga, watu wamejaa kwenye vibanda vya mikate ya kukaanga, maisha yanaendelea tu kama kawaida.

Nimewakuta wote watatu chumbani. Mek Nab kakaa mbali na kitanda, mikono inang'aa mafuta, kaiweka mapajani kama mtu aliyeshikwa. "Nimekosea wapi, Zawi?" kaniuliza. "Ungeniambia usiuguse nisingeugusa. Mimi nilisubiri neno la mashine." Nikamwambia hujakosea, Mek.

Mama ndiye aliyesimama mlangoni. Kasimama kweli, mikono huku na huku. Mzazi hatoki kabla ya arobaini. Mama yake hakutoka, bibi yake hakutoka. Tena kwa hiyohiyo mashine iliyosema safi? Leo inasema hivi, kesho itasema vile?

"Tunampeleka kwenye mashine nyingine, Mama. Ile ilitazama mguu. Bonge liko juu, chini ya mkaja. Sikutazama huko."

"Kwa nini hukutazama?"

Ningeweza kumwambia, kwa sababu ulinikatalia. Lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini daktari pale alikuwa nani? Nilikatazwa na kitambaa nikacheka, nikaenda kula wali.

"Kwa sababu sikuuliza mara ya pili," nikasema.

Mama akanitazama hivi, uso ukabadilika. Nadhani alikumbuka maneno yake mwenyewe. Mashine yako ni ya mguu. Akaishusha mikono.

Mastura alikuwa anatusikiliza kutoka kitandani, mtoto kifuani. "Mkimaliza kugombana nibebeni," kasema. "Mguu huu mimi siuwezi. Na mniwekee soksi, Mama asije akasema ni dirisha."

Tumembeba kwa shuka, mimi, Mama na jirani mmoja, tukamshusha ngazi ambazo hajazishuka tangu azae. Mek Nab kaingia garini na mtoto bila kualikwa. Njia nzima Mama alikuwa anasoma dua, na mimi nasikiliza pumzi za Mastura nyuma. Zinapanda, zinashuka.

Kapewa sindano saa ileile tulipofika. Ule mguu wanauacha umeinuliwa kwenye mto. Hanafi kapiga kutoka baharini, nimemweleza kila kitu. Kauliza, "Lakini dada si ulishampima?"

Ndiyo, shemeji. Nilishampima.

Jumatatu, 16 Oktoba

Naandika kwenye benchi la koridoni. Mastura yuko ndani.

Alfajiri alikohoa. Kikohozi kikavu, kidogo tu. Mama kasema ni kiyoyozi. Nikamtazama Profesa, naye akanitazama. Wamempitisha kwanza CT kwa ajili ya mapafu, na sasa yuko ndani ya MRI. Picha zote anazisoma Profesa.

Mimi kanitoa. Nilikuwa nimeshavaa koti langu jeupe na kukaa kwenye kiti changu mbele ya skrini. Kaja kaniwekea mkono begani. "Zawi, vua hilo. Leo wewe ni ndugu. Kaa nje na mama yako." Mwaka mzima nimelinganisha picha za miguu ya watu wa jimbo letu la Kelantan, na hii moja siruhusiwi kuiona! Nilitaka kubisha. Lakini ana haki. Ningetazama nikaona ninachotaka. Nilishafanya hivyo Ijumaa.

Kabla Mastura hajaingia ilibidi mkaja ufunguliwe. Chini ya vifundo una vishikizo vya chuma, mashine ingevivuta. Muuguzi alitaka kuukata kwa mkasi. Mama kasema, "Hapana, nitaufungua mwenyewe." Akaanza kifundo cha juu. Kimoja kimoja. Kisha akawa anamzunguka Mastura kitandani, anakivuta kitambaa chini ya mgongo, anakikunja mkononi, anakivuta tena. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye kitambaa, naye anaendelea kukunja. Chini yake tumbo la Mastura lilikuwa na alama nyekundu za vifundo, na upande wa kushoto juu ya kinena mishipa midogo imejitokeza, ya bluu, inapita juujuu kutafuta njia. Mtu yeyote angeiona. Haikuhitaji mashine yoyote.

Mastura kaniambia, "Dada, huko ndani kunapiga kelele?"

"Kama watu wanagonga mabati."

"Afadhali. Nitalala. Nyumbani silali kwa ajili ya Mama na jiwe lake." Akanifinya mkono. Mkono ulikuwa wa baridi. Kisha wakamsukuma.

Mek Nab yuko mwisho wa benchi na mtoto. Kila saa anamkanda vidole vya miguu kisha anakumbuka, anauondoa mkono haraka. Nimemwambia, huyo mkande tu, Mek, huyo hana kitu. Hakandi.

Mama kaniuliza jambo. Hii mashine kubwa nayo inaweza kukosea? Namba zote ziko kichwani mwangu, nyonga, paja, kigimbi. Nikasema inaweza, Mama, lakini mara chache. "Kama ile yako," kasema. Hakusema kwa ubaya. Nilisikia tu.

Bado. Kelele za mabati zimekoma. Maana yake wamemaliza. Sasa anatazama.

Nimemweleza Mama ile tabia ya Profesa. Sikupaswa, lakini nilitaka awe na kitu cha kungojea. Nikamwambia: akitoka yule mzee akija kukupa mkono, basi mwanao hana kitu. Tangu hapo Mama hakuondoa macho mlangoni. Mkaja kaushika mapajani, umekunjwa vizuri kama mkate wa bofulo, na mkono wa kulia kaufuta kwenye gauni. Anauweka tayari.

Mastura katolewa kwa mlango wa upande, nimeona kitanda kikipita. Kanipungia. Kakohoa tena.

Mlango umefunguka. Ni yeye. Mama kasimama, anatabasamu, kanyoosha mkono, anamwambia, "Profesa, nimfunge tena sasa?"

Hakuupokea. Amebaki palepale kizingitini, anatazama juu ya bega la Mama, ananitazama mimi.

"Daktari Zawiyah," kasema. "Ingia."